Moyo wa mshikaji: Injini kushushwa mara ya pili?

Wiki hii naomba tuzipe likizo habari za mapenzi na viwalo, maana huku Tegeta kuna msala ambao umekigawa kijiwe chetu cha pale Nyuki kama Simba na Yanga. Msala wenyewe ni moyo wa mshikaji wetu. Na nikisema moyo simaanishi kaachwa na demu! Namaanisha moyo wenyewe, huu unaodunda, ambao madaktari wanataka kuufungua kwa mara ya pili.

Jina lake nalihifadhi. Ni dereva wa bodaboda, ana miaka 28, baba wa mtoto mmoja. Akivua shati utaona mstari umeshuka kutoka chini ya koo mpaka kwenye chembe ya moyo, ulionyooka kama umepigwa rula. Huo aliupata India mwaka 2012, akiwa na miaka 15, alipobadilishiwa mlango mmoja wa moyo. Enzi hizo upasuaji wa moyo hapa kwetu Muhimbili ulikuwa na miaka minne tu tangu uanze 2008, na hii Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, ilikuwa haijazaliwa mpaka 2015. Wagonjwa wengi walikuwa wanapandishwa ndege.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kooni. Mnacheka? Mafindofindo ya utotoni, yale yanayoletwa na bakteria, yasipotibiwa vizuri mwili unaweza kuchanganyikiwa. Unapopigana na wadudu wa kooni unakosa shabaha na kuishambulia milango ya moyo. Mtoto anapata homa, magoti na viwiko vinavimba, halafu kimya. Miaka inapita, siku moja anashangaa anahema kwa kubeba ndoo ya maji. Dozi ya penisilini mapema ingeweza kuyazuia yote hayo. Lakini kule kwao Kilosa koo lilipomsumbua alipelekwa kwa mzee mmoja akakatwa kimeo! Kimeo cha watu hakina kosa lolote, kimekatwa bure.

Sasa, milango ya bandia iko ya aina mbili. Kuna ile inayoitwa ya chuma, japo siku hizi sehemu kubwa ni kaboni ngumu, na kuna ya mnyama, ng'ombe au nguruwe. Yeye alipewa ya ng'ombe (bibi yake aliuliza mara tatu, alipohakikishiwa ndipo akashusha pumzi). Ya chuma inadumu miaka na miaka, lakini damu inapenda kuganda juu yake, kwa hiyo unameza wafarini kila siku ya Mungu mpaka unaingia kaburini, na lazima upimwe damu mara kwa mara kile kipimo cha INR. Kijijini Kilosa nani angempima? Ndiyo maana akapewa ya ng'ombe, ambayo kwa kawaida haidai wafarini ya maisha. Tatizo lake inachakaa. Kwa mzee inaweza ikafika miaka 15 na ushee, kwa kijana inawahi kukakamaa. Yake imefika 13.

Alianza kuchoka kimyakimya. Abiria wa Wazo akimwambia amsaidie mzigo kupanda nao ngazi anasingizia simu inaita. Mwisho akaenda hospitali moja mjini, akapigwa kipimo cha eko, daktari akatazama kompyuta, akasema: mlango umeziba, operesheni ndani ya wiki mbili, tunaweka wa chuma. Dakika kama saba hivi, kwisha habari. Akatoka pale rangi imemtoka.

Hapo ndipo kijiwe kilipogawanyika. Kundi la kwanza: daktari kasema, wewe nani ubishe? Tena ukienda kwa mwingine yule wa kwanza atasikia, atanuna, na siku ya kukupasua atakukomoa. Kundi la pili lilikuwa la fundi wetu wa pikipiki, ambaye hajasoma udaktari lakini neno lake lilinichoma. "Wewe dogo, ukiambiwa injini ya pikipiki inashushwa, huwa unakwenda kwa fundi wa pili kusikia na yeye anasemaje. Tena injini ambayo ishashushwa mara moja! Halafu moyo unataka kumwachia mtu mmoja?"

Mimi niko upande wa fundi. Madaktari wenyewe wakiumwa huwa wanaulizana, na daktari anayejiamini hawezi kununa kwa sababu mwenzake ameangalia picha ileile. Atakayenuna, basi bora umjue mapema kabla hajashika kisu.

Ila kuna namna ya kuuliza na kuna namna ya kuzunguka. Mshikaji alianza kuzunguka. Akampata dalali mmoja wa hospitali za nje, akamtumia ripoti kwa WhatsApp. Jibu lilirudi kabla hajamaliza chai: njoo, bei ni hii, hoteli ya ndugu imo humo humo. Kha! Picha za moyo hawajaziona, umri hawajauliza, bei tayari! Shangazi yake naye akawa na lake, kuna mahali wanatoa maji. Nilimkumbusha mwaka 2011, Tanzania nzima ilipopanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Shangazi alinitazama kama mpagani. Sawa tu.

Safari ya maana ilikuwa ya Upanga, pale JKCI. Huko swali la kwanza halikuwa "unajisikiaje". Lilikuwa: kadi yako ya mlango iko wapi? Kumbe mtu akiwekewa mlango wa bandia anapewa kakadi kadogo kenye aina ya mlango, namba yake na saizi yake kwa milimita. Mshikaji alikuwa hata hakumbuki. Akapiga simu Kilosa, mama yake akafungua sanduku, akakakuta chini ya kanga za harusi, kamefungwa kwenye nailoni pamoja na ripoti ya operesheni ya India. Bahasha ikakabidhiwa konda, tukaenda kuipokea stendi ya Magufuli kule Mbezi. Nawaambieni, yule mama alistahili mshahara wa mtunza nyaraka.

Swali la pili lilikuwa la damu. Walipompima wakakuta gramu 8, na moyo unapiga 118 kwa dakika. Daktari akamweleza kitu ambacho yule wa dakika saba hakukigusa. Moyo ukikimbia kwa sababu damu ni pungufu, namba ya eko kwenye mlango huo inapanda, inaonyesha mlango mbaya kuliko ulivyo. Tiba ya damu kwanza, kisha eko tena. Wiki sita baadaye damu ilikuwa juu ya 11, mapigo yametulia, na namba iliyokuwa 14 ikasoma 9.

Msishangilie! Mshikaji alishangilia, akapiga honi mpaka Kibaoni, halafu akarudi kuambiwa kwamba 9 bado ni mbaya. Mlango umechakaa kweli na lazima ubadilishwe. Kilichobadilika ni muda. Badala ya wiki mbili za kukimbizana ana miezi kama mitatu ya kujiandaa, na kujiandaa ndiko kwenyewe, maana mara ya pili si kama ya kwanza. Ukishapasuliwa, makovu ya ndani yanaugandisha moyo kwenye mfupa wa kifua. Msumeno ukiingia vibaya unaweza kukwaruza moyo wenyewe. Kwa hiyo wanapiga kwanza picha ya CT kuona moyo uko umbali gani na mfupa. Hatari ya mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, daktari hakumficha, na mshikaji akamwuliza kiume: wewe umefanya za marudio ngapi? Akajibiwa bila hasira.

Akauliza pia ile njia ya kupitisha mlango mpya kwenye mshipa wa pajani bila kufungua kifua. Ipo duniani, na kwa baadhi ya watu inafaa. Ila mlango mpya unakaa ndani ya ule wa zamani, ni kama kuvaa soksi mbili kwenye kiatu kilekile. Wa kwake ni saizi ndogo, aliwekewa akiwa mtoto. Kakadi ka mama ndiko kalikojibu swali hilo.

Mnamkumbuka Arnold Schwarzenegger, Komando wetu wa vibanda vya video? Yule alizaliwa na mlango mbovu. Mwaka 1997, akiwa na miaka 49, akatengenezewa kwa milango isiyo ya chuma, ili aendelee kubeba vyuma na kucheza sinema bila dawa za damu. Mwaka 2018 ukabidi mmoja ubadilishwe. Wakaanza kwa njia ya mshipa, mambo yakaenda mrama, wakafungua kifua palepale kwa kuwa timu ya upasuaji ilikuwa imekaa tayari. Mwaka 2020 akarudi tena kwa mlango mwingine. Mwenye misuli ile na hela zile, na bado hakuna aliyemuuzia mlango usio na masharti.

Mshikaji naye yuko palepale. Akichukua wa mnyama, karibu na miaka arobaini kifua kitafunguliwa mara ya tatu. Akichukua wa chuma, huenda asifunguliwe tena, lakini wafarini na bodaboda haviivi chungu kimoja! Ukianguka barabara ya Bagamoyo na damu isiyotaka kuganda, pigo dogo la kichwa linakuwa msiba, hata na helmeti. Yule daktari wa kwanza hakumwuliza kabisa anafanya kazi gani. (Nanyi dada zangu wenye milango hii: wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Mweleze daktari mipango yako kabla ya mimba, tena kabla hujachagua mlango. Na usiiache kimyakimya.)

Kijiweni kila mtu ana chaguo lake la kumchagulia. Mwenyewe amekaa na mkewe, wamepiga hesabu ya pikipiki ina thamani gani ikiuzwa, na fremu ya vipuri inapangishwaje huku Tegeta. Mchicha na matembele hataacha, ila ameambiwa akizoea kiasi fulani abaki nacho hichohicho, wiki hadi wiki, asije akavuruga kipimo. Bima hana, ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali imechukua maelezo yake. Faili limepelekwa kwenye kikao cha madaktari wa moyo na wapasuaji, na jibu alilowaandikia chini ya karatasi, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, ni neno moja: chuma.

Tarehe imetoka. Inatakiwa damu, na kijiwe kizima kimejiandikisha kuchangia, kundi la kwanza na kundi la pili. Wawili walirudishwa. Fundi, kwa sababu alitoa mwezi uliopita na miezi mitatu haijaisha, na dogo mmoja wa kuosha pikipiki ambaye mizani ilimsoma kilo 48 wakati wanataka 50. Tangu Jumatatu anakula chipsi mayai mchana na usiku, anasema Ijumaa lazima mizani ikubali.