150 Si Alama ya Kufaulu: Wacheni Kuwacheka Vijana wa Nigeria

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu namba moja tu: 150.

Julai 2025, JAMB, ile bodi inayosimamia mitihani ya kujiunga na vyuo Nigeria, ilikaa na wakuu wa vyuo kule Abuja wakapitisha alama za chini za mwaka huo. Chuo kikuu, 150 kati ya 400. Vyuo vya uuguzi, 140. Politekniki na vyuo vya ualimu, 100. Namba zikafika mitandaoni na huku kwetu watu wakatoa kikokotoo. "Ati asilimia 37.5 unaenda kusomea udaktari? Hao ndio watatupasua?" Nilicheki komenti moja baada ya nyingine hadi nikachoka. Na si Wakenya pekee. Wazee wa Nigeria wenyewe walikuwa hapo, wakilia kwamba elimu imekufa na vijana wa siku hizi ni TikTok tu.

Mimi nasema hivi: karibu kila mtu anayecheka hiyo 150 hajui inafanya kazi gani. Na kutojua huko kunawaumiza vijana wa rika letu, kwa hivyo siwezi nyamaza.

Tuanze na mtihani wenyewe. Unaitwa UTME. Masomo ni manne, kila moja alama 100, na Kiingereza ni lazima kwa kila mtu. Mengine matatu yanategemea kozi unayotaka. Unafanyia kwenye kompyuta. Huu si KCSE yao. Mtihani wao wa kumaliza sekondari ni WAEC au NECO, na huko ndiko unakopasi au unakoanguka. Kuingia chuo kikuu unahitaji krediti tano, Kiingereza kikiwemo, na hazifai kutoka kwenye zaidi ya vikao viwili vya mtihani. Bila hizo krediti, hata ukipata 390 kwa JAMB, pole.

Kwa hivyo UTME kazi yake ni kupanga foleni. JAMB wenyewe wamesema mara nyingi kwamba mtihani wao ni wa kupanga watu, hauna kufaulu wala kuanguka. Ile 150 inakwambia tu kama unaruhusiwa kusimama kwenye foleni. Haikwambii kama utafika dirishani.

Chuo kinaweza pia kuweka ukuta wake juu zaidi. Mwaka 2017 JAMB waliposhusha alama ya chini ya vyuo vikuu hadi 120, nchi nzima ikapiga kelele, lakini Chuo Kikuu cha Ibadan kilibaki na 200 yake. Chuo Kikuu cha Lagos pia kimekuwa kikidai 200 ndipo uombe. Hao wa 120 hawakuwahi kuingia Ibadan. Viti havikuongezeka hata kimoja kwa sababu Abuja imeshusha namba. Nani basi alinufaika? Vyuo ambavyo watu hawavigombanii, vyenye viti vitupu vya kujaza.

Sasa tuingie ndani ya chuo chenye ushindani, ndio uone vile hesabu inakuwa noma. Chukua Chuo Kikuu cha Lagos. Alama zako za UTME zinagawanywa kwa 8, zinakuwa na uzito wa 50. Halafu unafanya mtihani wa chuo chenyewe, unaoitwa Post-UTME, uzito wake 30. Matokeo yako ya sekondari yanabeba 20. Jumla 100.

Tuseme kuna wawili wanataka kozi moja. Wa kwanza alipata 280 kwa JAMB. Mtaani kwao walimchinjia kuku. Hiyo 280 ni pointi 35. Kwa mtihani wa chuo akapata 14 kati ya 30, na sekondari pointi 12. Jumla 61. Wa pili alipata 240, hakuna aliyempigia makofi. Hiyo ni pointi 30. Mtihani wa chuo akapata 24, sekondari pointi 16. Jumla 70. Nafasi ikibaki moja, yule wa 240 anaingia na yule wa 280 anabaki nje.

Umeona? Alama 40 zilizomfanya mmoja aitwe jiniasi na mwingine aitwe mvivu zilikuwa na thamani ya pointi tano tu.

Katofu ya kozi basi inatoka wapi? Inatoka kwa mtu wa mwisho kuingia. Viti vikijaa, jumla ya yule wa mwisho ndiyo inakuwa katofu ya mwaka huo. Hakuna mtu ameketi ofisini akaamua kwamba udaktari unahitaji akili za kiwango fulani. Ni viti na idadi ya wanaovitaka. Mwaka ujao wakiomba watu wakali zaidi, inapanda. Wewe hukuwa mjinga zaidi, foleni ndiyo ilikuwa ndefu.

Hapo Mkenya anafaa kutulia kidogo, kwa sababu sisi ni hivyo hivyo. C+ inakufungulia mlango wa digrii, lakini jaribu kuomba udaktari na C+ uone KUCCPS watakujibu nini. Pointi za klasta unazoziona kwenye tovuti yao ni za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita. Kila Mkenya anaelewa C+ si tiketi ya udaktari. Mbona akivuka hadi Lagos anasahau?

Sasa tuje kwa jambo linalonikasirisha zaidi.

Mei 2025, kabla ya watahiniwa kuona matokeo yao, JAMB walitoa takwimu. Kati ya watu 1,955,069, zaidi ya milioni 1.5 walikuwa chini ya 200. Magazeti yakaandika "wameanguka", kana kwamba 200 ni alama ya kufaulu. Waziri wa Elimu Tunji Alausa akasema hizo namba zinaonyesha vita dhidi ya wizi wa mitihani vinafanya kazi. Yaani tafsiri ilikuwa rahisi: vijana wamezoea kuiba, wamefungiwa njia, sasa ukweli umejitokeza.

Haikufika wiki mbili. Mei 14, mkuu wa JAMB, Profesa Ishaq Oloyede, akasimama mbele ya kamera akalia machozi. Mitambo yao ilikuwa imekosea. Seva za upande wa Lagos na majimbo matano ya kusini mashariki hazikuwa zimepokea sasisho la programu, na watahiniwa 379,997 katika vituo 157 wakaathirika. Ikabidi waitwe warudie mtihani, na kikao cha marudio kikaanza siku mbili tu baadaye.

Soma hiyo namba tena. Karibu laki nne. Hao ni watoto waliokaa siku kadhaa wakiambiwa na wazazi, na mapasta, na watu wasiowajua mtandaoni, kwamba ni wavivu. Kuna waliofungiwa simu. Kuna walioanza kuamini kwamba wao ni bure. Halafu unasikia kumbe ni seva.

Nampa Oloyede heshima kwa kukubali hadharani, maana viongozi wengi Afrika wangekufa kwanza. Lakini machozi hayarudishi zile siku. Na wale waliowatukana vijana hawakurudi kuomba msamaha. Walihamia stori nyingine.

Najua mtu ataniambia: "Sawa, toa hao laki nne. Wengine je? Mwaka 2024 hakukuwa na seva mbovu, na asilimia 76 bado walikuwa chini ya 200." Ni kweli. Kati ya matokeo 1,842,464 ya 2024, ni watu 439,974 pekee waliofika 200 na kuendelea. Sitaki kudanganya mtu kwamba shule za Nigeria ziko sawa. Lakini ukimfundisha mtoto fizikia bila maabara, halafu umpeleke kituo cha kompyuta akashike maus kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, hiyo alama inampima nani? Inampima yeye, na inamjaji pia aliyempeleka hapo. Mbona tunamcheka mmoja tu?

Kuna kitu kingine wacheshi huwa hawakijui. Kozi moja, chuo kimoja, inaweza kuwa na katofu tofauti kulingana na umetoka wapi. Vyuo vikuu vya serikali kuu vinagawa nafasi hivi: asilimia 45 kwa alama pekee, 35 kwa majimbo ya karibu na chuo, na 20 kwa majimbo yaliyohesabiwa kuwa nyuma kielimu. Chuo Kikuu cha Lagos, kwa mfano, majimbo yake ya karibu ni Lagos, Ogun, Oyo, Osun, Ondo na Ekiti.

Mimi siko kwenye kambi ya wanaotaka mgawo ufutwe kabisa. Historia iko hapo. Shule ya CMS Grammar ilifunguliwa Lagos mwaka 1859. Kaskazini, Waingereza walibana wamishonari na shule zao kwa makubaliano na watawala wa huko, na Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, kilianza 1962, wakati Ibadan ilikuwa imefundisha tangu 1948. Ukiweka foleni moja ya alama pekee bila kuangalia hayo, unawaambia watoto wa leo walipe deni la mkoloni.

Lakini mgawo wenyewe umeshonwa vibaya. Kinachohesabiwa ni jimbo la asili, yaani kwao baba yako, hata kama hujawahi kulala huko usiku mmoja. Msichana aliyezaliwa Surulere, akasoma Surulere, mama yake anauza nguo Surulere, lakini baba ni wa Anambra, anahesabiwa ni wa Anambra. Anambra haiko kwenye majimbo ya karibu ya Chuo Kikuu cha Lagos, wala haimo kwenye yale yaliyo nyuma kielimu. Kwa hivyo anabaki na ile asilimia 45 peke yake, huku chuo kiko umbali wa matatu moja kutoka kwao. Upande wa pili, mtoto wa tajiri aliyesoma shule ya bei mbaya Abuja anaweza kuombea kiti cha jimbo maskini ambalo hulitembelea wakati wa mazishi tu. Huo mgawo unamsaidia nani hapo?

Na sisi tunaoulizwa "kwenu ni wapi?" kila ofisi tunayoingia, wakati tumezaliwa Umoja ama Kisauni, tunaielewa hiyo stori vizuri sana.

Halafu doh. Fomu ya UTME ya 2025 ilikuwa naira 7,200, na ukitaka kufanya jaribio la mazoezi, 8,700. Matokeo yanatumika kwa mwaka mmoja wa kujiunga tu. Ukipata 270 na ukose kiti, mwaka ujao unalipa tena, unakaa tena, unaanza kutoka sifuri. Cheti cha WAEC hakiozi, lakini alama ya JAMB inaoza kama nyanya. Ndiyo maana utakutana na msee wa miaka 22 aliyefanya JAMB mara nne, na si kwamba hana kichwa.

Kwa hivyo kama unataka kukasirika, kasirikia vitu hivi. Moja, kila chuo kichapishe jumla ya mtu wa mwisho aliyeingia kila kozi, kwa kila mgawo, kabla vijana hawajachagua. Hizo namba wanazo. Wasiwaache watoto wazitafute kwa makundi ya WhatsApp ya mawakala. Mbili, mgawo ufuate mahali mtoto aliposoma, usifuate kaburi la babu yake. Tatu, matokeo yakaguliwe na watu wa nje kabla waziri hajashika maikrofoni. Nne, alama ya UTME idumu angalau miaka miwili. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoshusha viwango.

Na viti viongezwe. Hilo ni la bei na litachukua muda, najua. Lakini nchi ambayo vijana karibu milioni mbili wanapiga foleni kila mwaka haiwezi kujificha milele nyuma ya namba na kusema shida ni uvivu.

Wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi, Mombasa, Kisumu, na labda unangoja KUCCPS wafungue tovuti: usikubali mtu akusomee namba moja akuambie hiyo ndiyo wewe. Uliza namba hiyo inapima nini, imegawanywa na ngapi, na viti vilikuwa vingapi. Na ukiona tena memi ya Mnaija na 150 yake, kabla hujacheka, mwulize aliyeituma kama anajua inafanya kazi gani. Akishindwa kujibu, mtumie hii.