Kupe la Kizamani: Bei ya Kununua Ndiyo Rahisi

Ukipitia matangazo ya magari kwa simu usiku, hukosi kuliona: Mercedes ya milango miwili ya miaka ya 1990, rangi ya fedha, viti vya ngozi, bei inakaribia ya kigari kidogo cha kwenda kazini. Chini muuzaji ameandika kwamba hii ni klasiki, bei itapanda tu. Hapo ndipo mtu huanza kuhesabu akiba yake. Pesa za kununulia magari hupita kwa simu kila siku, kwa hivyo tuna maoni, na afadhali uyasikie kabla hujaweka namba ya siri.

Chukua gari moja halisi, Mercedes-Benz C124. Ni ndugu wa milango miwili wa ile W124 ambayo Wakenya wengi wanaijua, na lilitengenezwa kuanzia 1987 hadi 1996. Ni gari zuri, tusidanganyane. Ukishusha vioo vyote hakuna nguzo katikati, ubavu mzima unabaki wazi. Gari la aina hii huitwa kupe. Ndiyo, jina moja na yule mdudu wa ng'ombe, na aliyewahi kulinunua vibaya hahitaji kuelezwa zaidi.

Muuzaji hadanganyi kabisa. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo makupe ya zamani yaliyopo nchini ndiyo hayo hayo, na kila linalogongwa linapunguza idadi. Lakini linalopanda bei ni lile safi: lenye rekodi za sevisi, rangi isiyofichwa kitu, ndani halijapasuka. Lile la bei ya kutupwa halipandi. Unalitengeneza wewe, halafu anayefaidi ni atakayelinunua kwako.

Na kulitengeneza ni hadithi ndefu. Injini na miguu ya C124 hushirikiana sana na W124 ya kawaida, kwa hivyo fundi anayeijua sedani hatashangaa akifungua boneti. Shida iko mwilini. Milango ni yake peke yake, vioo vya pembeni ni vyake, na raba za kuziba madirisha ni zake. Kwa sababu hakuna nguzo, raba hizo ndizo zinazozuia maji, na zikichoka mvua ya Aprili inaingia ndani na kulowesha zulia. Hii spea huipati kwa kila duka la Kirinyaga Road. Utaagiza ng'ambo, ulipe usafiri na ushuru, kisha usubiri. Ukiwa Mombasa, ongeza kutu ya hewa ya chumvi.

Kama ni la 1993 hadi 1995 lenye injini ya silinda sita, muulize muuzaji swali moja: waya za injini zimewahi kubadilishwa? Plastiki iliyofunika waya za miaka hiyo hukauka na kumeguka, waya zikagusana, na gari likaanza kukohoa bila sababu inayoonekana. Akianza kuzungusha maneno, jibu umelipata.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: tuseme umeweka 1,200,000. Usitafute kupe la 1,200,000. Tafuta la 800,000 lililotunzwa, na hizo 400,000 ziache kwenye akiba ambayo huigusi kwa karo wala kwa harusi ya binamu. Kama huwezi kubakisha kitu, hilo gari bado si lako. Na tafadhali, giaboksi isilipiwe kwa mkopo wa simu wa siku 30. Mkopo huo unafaa kwa biashara inayozungusha pesa haraka. Gari lililolala gereji halizungushi chochote. Bima nayo ina mambo yake, maana kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo. Uliza kabla ya kununua.

Sasa malipo. Utaambiwa kuna mteja mwingine anakuja saa nane, tuma hata 50,000 nikushikilie. Usitume. Pesa ikishatolewa upande ule, kuirudisha ni kazi ngumu, hata kwetu. Kwanza lione gari kwa macho, likaguliwe na fundi wako au AA Kenya, kisha utafute rekodi zake NTSA kupitia eCitizen ujue mwenyewe ni nani na kama lina deni la benki. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kutuma lilingane na la kwenye logbuku. Halilingani? Funga simu. Isitoshe, kiwango cha juu cha kutuma ni 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo bei nzima ya gari ilipiwe benki, siku ile muuzaji anaanzisha uhamisho wa umiliki mbele yako.

Ukitaka kujua kama unalipenda kweli, nenda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako wenye magari ya zamani huyapanga na kuyang'arisha. Wanapenda kuongea. Waulize fundi wao ni nani, na raba za madirisha walizitoa wapi.