Nyika Isiyo na Mtu

"Hapa hapana mtu, hapa pana Mungu tu." Maneno hayo aliyasema mwenzangu wa safari tulipokuwa tukiutazama uwanda wa Mkata, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na wenziwe wakayaitikia kama waitikiao dua. Walikuja kwa treni hadi Kilosa, kisha kwa gari, kutafuta utulivu wa roho. Sina ugomvi na mtu amtafutaye Mola wake. Ugomvi wangu ni na hilo "hapana mtu".

Ukimya wenyewe si kitu cha kusifiwa sana, maana barabara kuu ya kwendea Iringa na Zambia inaikata hifadhi kwa kiasi cha kilomita 50, na malori hayalali. Hilo tuliache. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964. Wako wazee wa Kilosa walioizidi umri. Na hilo jina Mikumi ni la mti, jamii ya mivumo. Nyika isiyo na mtu ingepewa jina na nani?

Kwa Wakaguru na jirani zao Wasagara na Wavidunda, ukoo hufuatwa kwa mama, na ardhi haitengani na waliozikwa humo. Kutambika ni kwenda makaburini, kufyeka majani, kumwaga pombe na kuwaita wazee kwa majina yao, mvua inyeshe na watoto wawe wazima. Dini hiyo haikuhitaji watu waondoke. Bila ya watu haipo. Wala haikuwa dini ya kuburudisha macho. Mwaka 1905, imani ya maji ilipofika kwao, Wavidunda waliingia vitani dhidi ya Wajerumani.

Nasi watu wa visiwani tusijitie usafi. Misafara iliyopita bonde la Mkondoa ilitoka kwetu pwani, na neno "washenzi" tulilibeba sisi pamoja na shanga na kaniki. Waliotangulia walisema bara hapana dini; hawa wa leo wanasema hapana watu. Ati hayo ni maendeleo! Ilhali Makunduchi, kila Julai, twachoma banda na kupigana kwa magogo ya migomba katika Mwaka Kogwa, wakubwa wa Serikali wakihudhuria, wala hapana anayetuuliza kibali.

Najua nitajibiwa kwamba Mtume naye alijitenga katika pango la Hira. Ndiyo, lakini jabali lile lilikuwa na jina na wenyewe, na aliposhuka alirudi kwa watu wake. Hakuhitaji Makka ihamishwe ndipo aisikie sauti.

Mwenzangu nilimwuliza kilima alichokuwa akikielekea kwa macho kinaitwaje. Hakukijua, wala hakuona haja.

Sheria ya hifadhi inamtaka kila aingiaye awe na kibali. Mtalii hukilipia, naye huhesabiwa kuwa mgeni wa heshima. Basi palipo na kaburi la ukoo ndani ya mpaka, mzee mwenye kibuyu cha tambiko aandikwe katika daftari gani, na alipe ada ipi? Wenye hifadhi nawalijibu swali hili kwa maandishi, lango lifunguliwe siku za tambiko bila ya malipo, na waongoza wageni wafundishwe majina ya vilima na wenyeji wa vilima hivyo.