Mchezo wa kuigiza shuleni usilee ubaguzi

Katika shule nyingi za vijijini siku ya wazazi haikamiliki bila mchezo wa kuigiza. Khanga hutundikwa iwe pazia, na kijiji kizima huketi chini ya mwembe. Hilo ni jambo jema. Lakini hapana budi kuuliza wazazi hao huchekeshwa na nini. Mara nyingi ni Mhindi wa dukani anayeborongaboronga Kiswahili, Mmasai mlinzi asiyejua mambo ya mjini, au mlemavu anayechechemea. Mtoto ambaye nyumbani kwao husemwa kwa lafudhi hiyo hiyo hucheka pamoja na wenzake, maana asipocheka atajulikana.

Mbegu ya kasumba hii ni ya zamani. Mkoloni Mwingereza alitenga shule za Waafrika, za Waasia na za Wazungu, na utengano huo ulifutwa baada ya Uhuru wa 1961. Mwezi Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika gazetini kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa nyumba moja. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Jina hilo lanyoosha kidole kwenye tendo la unyonyaji, si kwenye kabila la mtu. Mwalimu anayemvika Shailoki pua ya bandia ili watoto wamcheke Myahudi, watoto ambao hawajapata kumwona Myahudi, anawaletea kijijini chuki ambayo hawakuwa nayo.

Mwaka huo huo wa 1969 kilichapishwa Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, juu ya Vita vya Majimaji. Hapo mwalimu hodari ana kazi kubwa. Nani aigize askari wa Mjerumani? Askari wengi wa jeshi lile walikuwa Waafrika, na mwanafunzi aliyeshika kiboko Jumatatu, akafungwa kamba Jumanne, huelewa kwamba dhuluma haina rangi moja. Somo hilo halipatikani kwa kunakili ubaoni.

Liko pia jambo zito zaidi. Watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu jamii ilikubali kuwaona kuwa si binadamu kamili. Mwanafunzi mwenye ualbino anayepewa daima nafasi ya jini, au kuachwa avute pazia, anafundishwa jambo lile lile, na wenzake pia. Mazoezi yafanyike kivulini, si juani saa nane mchana. Maneno yake yaandikwe kwa herufi kubwa, kwa kuwa wengi wao hawaoni vizuri. Asiyesikia apewe sehemu ya vitendo, tena iwe sehemu ya maana. Gharama yake ni kipande cha karatasi na subira.

Mpango wa TUSEME, ulioanza mwaka 1996 katika shule za sekondari, uliwapa wasichana wenyewe nafasi ya kutunga na kuigiza vikwazo vyao, badala ya kuigiziwa na wengine. Utaratibu huo wafaa kushuka hadi shule za msingi. Na waamuzi wa mashindano ya sanaa, kabla ya kutoa alama, watazame nani alipewa maneno ya kusema na nani alisimamishwa nyuma.