Mbwa Naye Apewe Uwanja

Mbwa wetu Simba hufungwa mnyororo kutwa kucha, kwani mtaani hakuna pa kumfungulia. Mbwa wa kufungwa daima huwa mkali. Juzi nusura amwume ndugu yangu mdogo. Nikimtembeza jioni, kina mama hunikemea. Siwalaumu, maana kichaa cha mbwa huua. Kuna Karura, msitu alioupigania marehemu Wangari Maathai mwaka wa 1999, lakini kuingia ni pesa, nasi wa Eastlands tunakaa mbali. Maoni yangu ni haya: kila mtaa wa Nairobi utenge kiwanja chenye ua na lango, mbwa waliochanjwa wakimbie humo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!

Mwanafunzi, Kidato cha 3