Mtoto Mnene Siyo Lazima Awe na Afya

Siku ya kliniki kijijini mzani hutundikwa kwenye tawi la mwembe. Kina mama hupanga foleni na watoto wao. Akipimwa mtoto mwenye kilo nyingi, mama yake hupewa hongera. Mama wa mtoto mwembamba huinamisha kichwa. Mimi naona hongera nyingine tunazitoa upesi mno.

Hatuna sababu ya kulaumiana. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Wakati ule adui alikuwa upungufu wa chakula bora, na adui huyo bado yupo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Waliozidi uzito ni 4.

Msomaji atauliza, "Kama ni wanne tu, kwa nini tuwaandike gazetini?" Ni kwa sababu kudumaa na kunenepa kupita kiasi huweza kutoka katika sahani moja. Mtoto hupewa uji wa unga mweupe na sukari asubuhi, andazi mchana, ugali na mchuzi mtupu usiku. Tumbo hujaa. Lakini hapati maharage, dagaa, mayai wala mboga za kumjenga, basi harefuki. Akiongezewa soda, biskuti na pipi, hujaa mafuta mwilini naye bado ni mfupi. Mzani utasema kilo zinatosha. Mzani haujui urefu.

Soda niitaje zaidi, maana hapo tunakosea kwa mapenzi. Baba akitoka gulioni huja na soda ya mtoto. Mgeni naye huja na biskuti. Chupa moja ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi za sukari, yaani vijiko vidogo 8 au 9. Nani kati yetu atatia vijiko tisa katika kikombe kimoja cha uji wa mtoto? Jirani akikuona atakugombeza. Ndani ya chupa hatuvioni, basi tunanyamaza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari. Aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hayahitaji. Fedha ya soda ingenunua yai au fungu la dagaa.

Mtoto aliyenenepa sana huchoka upesi. Mwingine hukoroma usiku na kuumwa magoti. Wenzake humcheka shuleni, naye huona aibu kucheza, na kwa kutocheza huzidi kunenepa. Wengi hubaki hivyo hadi ukubwani, na huko wako karibu zaidi na kisukari na shinikizo la damu. Haya si maradhi ya vidonge vya siku tatu kama malaria. Dawa zake ni za kila siku, kwa miaka. Mkulima atauza nini kila mwezi ili azinunue?

Wala mtu asisome habari hii akaanza kumnyima mtoto chakula. Mtoto anayekua asifungishwe njaa. Apunguziwe sukari na vitu vya kukaanga, apewe mboga, matunda na vyakula vya kujenga mwili, aachwe akimbie.

Tena kuna jambo la hatari. Siyo kila mtoto mwenye mashavu yaliyojaa amenenepa. Mwingine amevimba kwa kwashakoo. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, uhesabu hadi tatu, kisha uachie. Kama vishimo vinabaki, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Mtoto huyo ni mgonjwa sana.

Kliniki ijayo, mama au baba amwombe muuguzi ampime mtoto urefu pamoja na uzito, halafu aeleze vipimo vyote viwili vinasema nini. Kama hakuna kibao cha kupimia urefu, jambo hilo lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji.