Tangawizi, vidonge na kijiko cha mawese

Kwenye kambi za wahami na katika familia zinazowapokea, Masisi hadi Walikale, mtoto akipata homa tunakimbilia tangawizi. Inapondwa, inachemshwa, anakunywa. Simlaumu mama yeyote. Mimi pia nililelewa nayo, na kwa kichefuchefu inasaidia kweli.

Lakini jinjeroli, ile nguvu inayowasha ulimi, inayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Na kile kidogo kinachoingia mwilini, ini linakibadilisha upesi na kukitoa. Heri kuchemshia tangawizi kwenye maziwa, au kuitia katika mboga yenye mawese.

Hata hivyo, haitibu malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe. Na hapa ndipo kilio changu: vidonge vya Coartem navyo vinataka mafuta. Lumefantrini iliyomo huingia kidogo sana kwenye damu ya mtu mwenye njaa. Akila chakula chenye mafuta, inaongezeka mara nyingi.

Masisi ni kwetu maziwa na jibini, Walikale kuna mawese. Ila mhami mtu mzima, aliyeacha ng'ombe wake kijijini, anapewa vidonge 24 vya siku 3 mkononi, tumbo tupu. Homa ikirudi tunasema dawa ni bandia!

Wanaogawa dawa wagawe pia mafuta au karanga za siku hizo 3. Na wewe mama, uji wa mtoto utie karanga zilizosagwa, ale, ndipo umpe kidonge.